Kambini Hatukuitikia kwa Mbali

Kiangazi cha mwisho cha kambi yetu mtoto alitupotea, na muda wote aliopotea alikuwa akitusikia. Nimejaribu kuisimulia habari hii kwa kuanzia kwingine: kwa baba na basi lake, kwa mahema yaliyoanguka, kwa mzee wa Kizungu aliyeikalia mbuzi ya nazi. Nikianzia huko watu hucheka, halafu tukifika kwenye mtoto hunitazama kana kwamba nimewatega. Kwa hiyo bora ijulikane mapema. Na hili nalo lijulikane mapema: alipatikana, tena mzima. Kambi ndiyo haikupona.

Kambi ilikuwa yetu kwa maana kwamba haikuwa ya mtu mwingine. Haikuwa ya msikiti, haikuwa ya kanisa, haikuwa ya chama cha Watanzania wala cha Wakenya. Kila Agosti, kwenye konde la kukodi nje ya Birmingham, upande wa pili wa vilima, baba na mama walichukua watoto wa Waswahili wa mjini, wakalala nao kwenye mahema, wakawalisha, wakasema nao Kiswahili asubuhi hadi jioni mpaka kikawaingia. Watoto waliwaita Baba Kambi na Mama Kambi. Mimi niliitwa Dada, hata na wale walionipita kimo.

Chanzo kilikuwa simu. Nilikuwa mdogo, ndiyo kwanza nimeanza shule, na bibi alipiga kutoka Unguja siku ya Idi. Baba akanipa simu. Bibi akaniuliza hali, nikamjibu kwa Kiingereza safi cha darasani. Kisha nikamsikia akimwambia baba, "Mnyang'anye simu huyo mtoto wa jirani, unipe mwanangu."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka.

Baba alikuwa dereva wa basi. Miongoni mwa abiria wake alikuwamo mkulima mmoja mzee, Mwingereza, ambaye kila wiki alikuja mjini kumtazama mkewe hospitali. Alikaa kiti cha mbele akimweleza baba habari za kondoo wake, na baba, asiyejua lolote la kondoo ila kuwala, akasikiliza. Ndiye aliyetukodisha konde. Kiangazi kile kile tukaenda, sisi, binamu zangu, na watoto wachache wa marafiki. Baba alikuwa ameazima mahema lakini hakuwa amewahi kusimamisha hema maishani mwake. Upepo uliyaangusha yote kabla ya magharibi, mvua ikafuata, tukahamia kwenye banda la nyasi kavu na kutandika mikeka ya mama humo humo. Asubuhi yule mzee alikuja kutazama kama tuko hai. Mama alikuwa anakuna nazi, akainuka kumpisha. Mzee, kwa heshima zote, akaketi juu ya mbuzi, akayatazama yale meno yaliyochomoza mbele ya magoti yake, akamwuliza baba kama huko kwetu viti vyote vinauma.

Kambi ilianza hivyo. Ilikua kwa maneno ya mdomoni tu. Mwaka wa pili alikuja mama mmoja Mkenya kutoka mtaa wa Handsworth, muuguzi, Mkristo, aliyekuwa amechoka kusema na wanawe Kiswahili na kujibiwa Kiingereza. Alimleta mkubwa wake, akabaki yeye mwenyewe siku mbili kuhakikisha hatuwaui watoto kwa baridi, na tangu hapo kila mwaka alipanga likizo yake aje kuwa muuguzi wetu. Ndiye rafiki wa kweli ambaye mama amempata nchi hii. Kisha wakaja Wakongo. Mtoto wa Kikongo alikuwa akiomba "mayi" akitaka maji, wa Kikenya akimwuliza mwenzake "form ni gani?" akitaka kujua mpango wa siku, na mama akiwatazama kama mtu aliyepika chungu kimoja akakuta ndani yake vyakula vitatu. Lakini hakumsahihisha mtu. "Almuradi wanafahamiana," alikuwa akisema.

Alichoshikilia mama ni kitu kimoja. Kambini kwetu mtoto akiitwa na mkubwa hakuitikia kwa mbali. Aliacha alichokuwa akifanya, akaja, akasimama mbele ya aliyemwita, ndipo akasema "bee" kama ni msichana, "naam" kama ni mvulana, kwa sauti ya chini. Kupayuka kutoka ng'ambo ya konde, "Nini?" au "Nakuja!", kulikuwa utovu wa adabu. Aliyepayuka alirudishwa alikotoka, akaitwa upya, akaja upya. Baada ya siku chache hakuna aliyepayuka.

Wazazi waliipenda amri hiyo kuliko jambo jingine lolote tulilofanya. Siku ya mwisho walipokuja kuwachukua watoto, mama alikuwa akimwita kila mmoja mara moja tu, bila kupaza sauti, na mtoto akatoka katika kundi la wenzake, mbio, kimya, akasimama wima mbele yake: "Bee, Mama Kambi." Nimeona wanaume wazima wakigeukia magari yao kufuta macho. Watoto hao hao nyumbani walikuwa wakijibu kwa kuinua bega moja bila kutoa macho kwenye simu.

Mimi nilikuwa simo. Nilipofika chuo kikuu nilikuwa nahoji kila kitu, mpaka kwa nini chai inywewe kabla ya chakula, na hii amri ilikuwa mfupa wangu wa kuguguna. Kila Agosti nilirudi kuwa mlezi wa mahema ya wasichana, na kila Agosti tuligombana juu yake, mimi na mama, tukimenya vitunguu.

"Kwa nini asijibu kwanza, ujue kakusikia?"

"Kwani nimemwita nijue kanisikia? Nimemwita aje."

"Na kama hawezi kuja?"

"Mtoto gani hawezi kuja? Miguu kaiacha Birmingham?"

"Mama, nauliza sababu."

"Sababu ndiyo adabu. Wewe hicho chuo kimekupa maswali tu, majibu wamebaki nayo wenyewe."

Na baba, aliyekuwa akikoroga wali pembeni kwa mwiko mrefu kama kasia, alikuwa akisema bila kugeuka, "Muitikie mama yako, mwanangu, unamfanya aonekane kama hana mtoto." Basi tunacheka, na yanaisha.

Baba alifariki majira ya baridi, ghafla, mwaka mmoja kabla ya watu kufungiwa majumbani kwa maradhi. Kwa hiyo kambi ilikosa kiangazi kimoja kwa msiba, na vilivyofuata kwa amri ya serikali. Mama alikuwa akifanya kazi kwenye ghala moja Nechells, akifunga maboksi. Aliendelea kwenda kazini, akarudi, akakaa. Nyumba yetu iko Hodge Hill, zile nyumba zinazogawana ukuta na jirani, na jirani yetu aliniuliza siku moja kama mama kahama, maana hasikii tena sufuria. Mama alikuwapo, mle ndani, kwenye kiti cha karibu na dirisha, na mahema yalikuwa yamejaa banda la nyuma.

Alipofungua mdomo kusema tena juu ya jambo lolote linalokuja mbele, jambo lenyewe lilikuwa kambi. Nililishika kwa mikono miwili. Mimi ambaye nilikuwa na shaka na kila kitu pale kambini, ambaye nilikuwa nimeandika insha nzima chuoni kuuliza kama inawezekana kumfundisha mtoto utamaduni kwa wiki mbili kwenye konde la kondoo, nilianza kupiga simu nyumba kwa nyumba kuwabembeleza wazazi. Wengi walikuwa wamepata mafunzo ya mtandaoni. Watoto wakubwa hawakutaka mahali simu zinakusanywa kwenye ndoo. Mama mmoja aliniambia, kwa upole, "Lakini wewe mwenyewe, dada, umefaidika nini na hiyo kambi?" Nikajibu haraka haraka, na nilipokata simu sikukumbuka nilijibu nini.

Mzee wa kondoo naye alikuwa amekufa. Shamba lilikuwa la binti yake, mwanamke wa makamo, mwenye haraka, aliyetaka kujenga vibanda vya mbao vya kukodisha kwa watu wa mjini. Alikuwa amekula pilau ya mama tangu ujana wake na hakuweza kutufukuza hivi hivi. Alituambia tuje kiangazi hicho, na kama kitapita salama, bila vurugu, atatuachia konde moja na vibanda vyake ataviweka kwingine. Mama aliniomba nimtafsirie maneno hayo, ingawa Kiingereza anakijua. Alitaka kuyasikia mara mbili.

"Bila vurugu," alirudia. "Basi. Tangu lini watoto wangu wakawa na vurugu?"

Tulikwenda. Hatukuwa wengi, lakini tulikuwepo. Mama alifunga kanga kiunoni siku ya kwanza, akasimama katikati ya konde akielekeza mahema yawekwe wapi, na nikaona mabega yake yamepanda mahali pake. Nilikwenda nyuma ya gari nikalia. Nilijua hali yake ya nyumbani. Nilijua kwamba hii ikishindikana sina kitu kingine cha kumpa.

Muuguzi, mwaka huo, zamu hazikumruhusu kuja. Alimleta kitinda mimba wake, msichana wa miaka saba, akamkabidhi mama.

"Huyu, aki, ni spika," alisema. "Ukimwita akiwa chooni anakujibu Handsworth yote isikie. Mtaweza?"

"Niachie," mama akasema.

Hakuna mtoto niliyempenda haraka kama yule. Alikuwa na sauti ya mchuuzi. Siku ya kwanza mama alimwita kutoka jikoni, na kutoka mwisho wa konde, nyuma ya mahema, ikatoka "WHAAAT?" iliyowainua kunguru mitini. Watoto wote wakaganda. Mama akamrudisha, akamwita tena. "NAKUJA, NAVAA KIATU!" Akamrudisha. Ilikuwa kama mchezo, na mtoto mwenyewe akauona mchezo, akawa anakuja mbio amebana mdomo kwa viganja viwili ili sauti isitoroke, anafika anaviondoa, anasema "bee" kidogo kidogo, kama mtu anayeweka yai chini. Mama alimkumbatia kila alipofaulu. Haikuchukua siku nyingi.

Ijumaa asubuhi nilimsikia mama akizungumza na muuguzi kwa simu. "Mwanao amekuwa mtu," alimwambia. "Utakuja kuona mwenyewe."

Alasiri ya siku hiyo hiyo, baada ya chakula, watoto walicheza. Tulipowaita chai tukakuta tumepungukiwa na mmoja.

Mwanzoni mtu hafikirii jambo. Nilikwenda kwenye hema lake, nikaenda chooni, nikaenda kwenye banda la nyasi. Wenzake walisema walikuwa wakichuma yale matunda meusi ya miba kwenye ua wa vichaka uliozunguka konde, yeye akasema ameona mazuri zaidi upande wa pili, na upande wa pili wa ua palikuwa pamekatazwa. Mama alimwita. Alimwita mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama ilivyo desturi, akasimama kumngojea aje.

Nikamwona akingoja. Naliona hilo mpaka leo, alivyosimama na birika mkononi akiwa na yakini kabisa kwamba mtoto atatokea.

Akaita tena, kwa nguvu. Kisha nikaita mimi. Kisha walezi wote, kila mmoja upande wake, jina lile lile likitoka pembe zote za konde, na kila tukinyamaza kusikiliza tulisikia kondoo na barabara kuu kwa mbali. Hakuna aliyejibu. Binti wa mkulima alikuja akikimbia, akasikiliza neno moja, akapiga simu polisi. Halafu akasema kwamba nyuma ya ua kuna bwawa.

Tulikwenda bwawani. Sitaeleza bwawa. Maji yalikuwa ya kijani na yametulia, na mama aliingia na nguo zake mpaka kifuani kabla hatujamshika. Alikuwa akipapasa chini ya maji kwa mikono kama mtu anayetafuta pete kwenye beseni. "Mtoto wa watu," alikuwa akisema. "Mtoto wa watu. Mtoto wa watu." Nilimvuta, akanisukuma. Sikujua mama yangu ana nguvu hizo.

Mtu alilazimika kumpigia muuguzi. Nilimpigia mimi. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Mmemwita?" Nikasema tumemwita, tumemwita sana. Akasema, "Hajibu?" Nikasema hajibu. Akakata simu.

Polisi walifika, wakatutenga tusikanyage njia, wakatuuliza mtoto amevaa nini. Watoto wengine walikuwa wamekalishwa kwenye mkeka, kimya kabisa, na ule ukimya wao niliouona kila mwaka kama mafanikio yetu ulinitia hofu. Nilitaka wapige kelele. Nilitamani kumwona hata mmoja akigombana na mwenzake. Mama aliletwa kutoka bwawani, akavikwa blanketi, akawa anazunguka kando ya ua akiita kwa koo lililokwisha kukauka, maji yakimtiririka. Alipita akaita, akasimama akasikiliza, akapita.

Muuguzi alifika jua likiwa bado juu ya vilima. Alishuka garini na sare yake ya kazi, kadi ikiwa bado shingoni, hakumsalimia mtu, hakumtazama mama. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye ua, akaweka mikono kiunoni, akafumba macho, akapiga ukelele. Hakuita kama sisi tulivyoita. Aliita kama anavyoita nyumbani kwake Handsworth chakula kikipoa, kwa ukali, kwa kuvuta jina mpaka mwisho, na juu yake akaongeza, "UKO WAPI WEWE? NISIKUITE MARA MBILI!"

Na kutoka ng'ambo, karibu, karibu mno, ndani ya ardhi:

"MUM! NIKO HUKU! MGUU UNAUMA!"

Palikuwa na josho la zamani la kondoo, mtaro mwembamba wa saruji, wenye kina cha kumpita mtu mzima, uliofunikwa na majani yanayowasha. Hakuna aliyekumbuka kuwa lipo, hata mwenye shamba. Mtoto alikuwa ametelezea humo, kifundo cha mguu kimevimba, mdomo mweusi kwa matunda. Polisi mmoja aliteremka akamtoa. Muuguzi alimpokea, akampapasa mfupa kwa mfupa, akambusu, akampiga kibao kidogo cha begani, akambusu tena.

"Mbona hukujibu? Watu wote hawa wanakuita!"

"Nilijibu."

"Nani alikusikia?"

"Mama Kambi aliniita," mtoto akasema. Alikuwa ameanza kulia sasa, kilio cha mtu aliyekwisha kuokoka. "Aliniita mara nyingi. Nikashindwa kuja. Nikasema bee, lakini pole pole. Sikupayuka."

Alisema hivyo akimtazama mama, akitazamia kukumbatiwa.

Mama alikuwa hatua chache tu, amevaa blanketi. Alisikia neno kwa neno. Alikuja, akapiga magoti, akamkumbatia mtoto, akamwambia, "Umefanya vizuri, mwanangu, umefanya vizuri." Kisha akanyanyuka akaenda kwenye hema lake, akaanza kung'oa vigingi.

Nilimfuata. Nilimwambia mtoto alipitiwa na usingizi, watoto huwa hivyo wakishtuka. Nilimwambia aliogopa kugombezwa kwa kuvuka ua, ndiyo maana alinyamaza, na hata leo sina hakika kwamba si hivyo. Mtoto wa miaka saba humpa mkubwa sababu anayodhani mkubwa anaipenda. Nilisema kila kitu. Mimi, mwenye maneno yale ya vitunguu kila Agosti, nilikuwa pale napigania amri ya mama kwa kucha.

"Alinisikia," mama akasema. "Nilipita juu ya kichwa chake, akaniitikia kwa adabu."

"Mama."

"Uliniuliza kama hawezi kuja."

"Nilikuwa nabisha tu!"

"Uliniuliza," akasema, akang'oa kigingi kingine.

Kinachonitesa ni kwamba hakuna aliyetufukuza. Binti wa mkulima alikuwa akijilaumu kuliko sisi. Josho lilikuwa lake, na siku ya pili lilifukiwa. Alituambia konde ni letu mwakani, na mwaka wa kufuata. Muuguzi alikuja nyumbani Hodge Hill wiki ile ile amebeba chapati, akakaa karibu na mama, akamwambia, "Dadangu, mguu umepona, anaruka kitandani. Mwakani namleta, na nakuja mimi mwenyewe. Usinifanyie hivi." Mama akamshukuru, akamwekea chai. Hakubadili kitu. Mahema aliyagawa. Masufuria makubwa yalikwenda kwa watu wa msikitini. Mbuzi ya nazi aliipeleka banda la nyuma, ikiwa imekunjwa.

Majira ya baridi yalipoingia alirudi kwenye kiti cha dirishani, na safari hii sikuwa na jambo la kumwekea mbele. Nilijaribu dawa, nilijaribu daktari, nilijaribu kumpeleka kwenye maduka ya Soho Road kununua vitu asivyovihitaji. Mwisho nikajaribu kile ninachokijua, kuuliza. Nilimtumia ujumbe mama mkubwa, dada yake mama aliyebaki Unguja, nikamwuliza hii desturi ya kutoitikia kwa mbali imetoka wapi, ni ya dini au ya kabila, wakubwa waliieleza vipi. Nilifikiri nikipata mzizi wake nitajua jinsi ya kuung'oa.

Alinijibu kwa sauti iliyorekodiwa, kuku wakilia nyuma yake.

"Ee mwanangu, bee na naam tulifunzwa sote, na uje unapoitwa. Lakini huko kunyamaza mpaka ufike, aa, hiyo ilikuwa ya ndani kwetu tu. Babu yako alikuwa na kipandauso. Kikimshika hataki hata mlango ugonge. Ndipo mama yetu akatwambia ukiitwa njoo, usijibu huko uliko, utamuamsha baba. Nje tulipiga makelele kama watoto wote. Kwani mama yako kasahau?"

Niliisikiliza tena na tena, na nilifurahi. Niliona nimepata dawa. Haikuwa dini, haikuwa utamaduni wa mtu yeyote, ilikuwa maumivu ya kichwa ya mzee mmoja katika nyumba moja. Kitu kidogo namna hiyo hakiwezi kumkalia mtu kifuani. Nikamchezea mama ujumbe ule, nimekaa chini karibu na miguu yake, nikimtazama uso.

Alisikiliza mpaka mwisho, mpaka wale kuku.

"Kwa hiyo hawakunituma watu," akasema. "Ni mimi tu."

Nilikuwa nimemwondolea hata hicho. Maadamu ilikuwa desturi, alikuwa ameibeba pamoja na mama yake, na mama wa mama yake, na kisiwa kizima nyuma yao. Sasa alikuwa na watoto wa miaka yote ile, Wazanzibari na Wakenya na Wakongo, waliosimama mbele yake wakisema kwa sauti ya chini, na kichwa cha babu kinachouma.

Mimi bado naishi naye. Marafiki zangu wamehamia miji mingine, na mimi nilikuwa na mipango kama yao. Majuzi nilikuwa juu chumbani kwangu, alasiri, nikaisikia sauti yake chini akiniita jina. Niliweka kitabu, nikavaa ndara, nikashuka. Sikufikiri, miguu imezoea tangu utoto. Nilipofika chini ya ngazi nilimkuta amekwisha kuvaa koti juu ya kanga, kiatu kimoja mguuni, mlango wa mbele wazi, upepo wa barabarani unaingia, na anatazama nje kushoto na kulia.

"Bee, Mama," nikasema.

Akageuka. Uso wake ulikuwa ule wa bwawani.

"Nimekwita!"

"Nilikuwa nakuja."

"Nijibu huko huko uliko! Unanisikia? Usije. Usije! Nijibu!"

Sasa akiniita napayuka. Kutoka bafuni, kutoka bustanini, kutoka juu kabisa chini ya paa, napayuka kwa sauti ya yule mtoto wa Handsworth, mpaka jirani hugonga ukuta. Nipo! Nipo hapa, Mama! Nipo! Chini kunakuwa kimya kidogo, namsikia akisikiliza, kisha anaita tena.